Mwenza pepe akiongeza kasi, nawe utaongeza? Jibu kuhusu uhalisia pepe na ushindani kazini

Swali

Shikamoo Mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili katika uchumi wa kazi. Nataka tasnifu yangu ichunguze kama mtu huongeza bidii anapofanya kazi kando ya mwenzake aliye mwepesi kuliko yeye, hasa pale malipo yanapotegemea nani kamshinda nani. Msimamizi wangu amenishauri nitumie uhalisia pepe, yaani mazingira ya kompyuta ambayo mtu huyaona kana kwamba yumo ndani yake, kwa kuwa idara imepata jozi mbili za miwani ya kuyaonea. Wanafunzi wenzangu wananipinga. Wanasema nitapima jinsi watu wanavyocheza gemu, si jinsi wanavyofanya kazi. Nani yuko sahihi? Na nikiamua kuendelea, nianzie wapi?

Jibu

Marahaba. Wenzako wana hoja, ila wameielekeza kusiko. Hofu yao ni kwamba chumba cha uhalisia pepe hakifanani vya kutosha na mahali pa kazi. Mimi nasema hata kingefanana kama mapacha, hilo peke yake lisingekuwa sababu ya kukitumia. Kitu ambacho uhalisia pepe unakupa, na ambacho hutakipata kiwandani wala dukani, ni mfanyakazi mwenza ambaye mshiriki anamwona kwa macho yake, ilhali mwenza huyo habadiliki hata kidogo kwa sababu ya mshiriki. Kama swali lako linamhitaji mwenza wa namna hiyo, endelea. Kama halimhitaji, rudisha miwani kabatini, tumia kompyuta ya kawaida, na utaokoa miezi kadhaa ya maisha yako.

Swali lako linamhitaji. Tuanze mbali kidogo ili uone kwa nini.

Mwaka 1898 Mmarekani Norman Triplett, mpenzi wa mbio za baiskeli, alipitia kumbukumbu za mbio na kuona kwamba waendeshaji walikwenda kasi zaidi wakishindana na wenzao kuliko wakishindana na saa. Akawapa watoto 40 vigurudumu vya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki wavizungushe upesi, mara mtoto akiwa peke yake, mara akiwa na mwenzake. Wengi hulitaja kama jaribio la kwanza la saikolojia ya jamii. Zaidi ya miaka 100 baadaye data zake zilichambuliwa upya kwa mbinu za takwimu za leo, na tofauti iliyompa sifa ikaonekana ndogo mno. Swali lako, kwa hiyo, lina umri mkubwa, na jibu lake limekuwa likiteleza muda wote huo.

Kuteleza huko kuna chanzo. Waweke watu wawili bega kwa bega, uone kazi zao zinakaribiana. Huenda wa kwanza amemvuta wa pili. Huenda wa pili ndiye aliyemvuta wa kwanza. Huenda wote wawili wamechoka kwa joto lilelile, au wanamwogopa msimamizi yuleyule, au waliomba wakae pamoja kwa sababu tangu mwanzo walikuwa watu wa aina moja. Mwanauchumi Charles Manski aliliita jambo hili, mwaka 1993, tatizo la taswira ya kioo: ukimwona mtu na taswira yake vikisogea pamoja, na hujui kioo kinavyofanya kazi, huwezi kusema kipi kinakisogeza kingine.

Watafiti wa nyanjani wamelipunguza tatizo hili kwa ustadi mkubwa. Armin Falk na Andrea Ichino, katika makala yao ya 2006, waliwaajiri wanafunzi wa sekondari huko Winterthur, Uswisi, waweke barua kwenye bahasha kwa saa 4. Malipo yalikuwa yaleyale, uweke nyingi au chache. Waliofanya kazi peke yao katika chumba walimaliza wastani wa bahasha 190. Waliokuwa wawili chumbani walimaliza 221 kila mmoja. Alexandre Mas na Enrico Moretti, mwaka 2009, walitumia data za mashine za malipo za maduka makubwa ya Marekani. Waliona kwamba keshia mwepesi akiingia zamu, wenzake nao huongeza kasi: keshia ambaye wenzake ni wepesi zaidi kwa asilimia 10 huongeza kasi yake kama asilimia 1.5. Lakini utamu wa utafiti ule uko mahali pengine. Makeshia wale walipangwa wakielekea upande mmoja, kwa hiyo kila mmoja anawaona walio mbele yake na anaonekana na walio nyuma yake. Walioongeza kasi ni wale ambao keshia mwepesi alikuwa nyuma yao, akiwaona. Waliokuwa wakimtazama mgongoni hawakubadilika.

Shika hilo la mgongo, tutalirudia.

Hata hivyo, kwenye bahasha za Winterthur wale wawili bado waliathiriana pande zote mbili, na dukani mtafiti hawezi kuamua kasi ya mtu. Njia ya zamani ya kutatua hilo ni kumkodi mwigizaji ajifanye mfanyakazi mwenza na kumwagiza afanye kazi polepole au haraka. Mwigizaji naye ni mtu. Saa tatu asubuhi ana nguvu, saa kumi jioni amechoka. Huyu anamtabasamia, yule anamkunjia uso bila kujijua. Mwenza pepe, yaani mtu aliyechorwa na kompyuta, hachoki, hatabasamu usipomwamuru, na anarudia mwendo uleule mbele ya mshiriki wa kwanza na wa mia. Kwa lugha ya Manski, umepata taswira inayomsogeza mtu bila yenyewe kusogezwa.

Utafiti ulio karibu zaidi na wako ni ule wa Özgür Gürerk na wenzake wa Aachen, Ujerumani, uliochapishwa 2019. Mshiriki alisimama mbele ya mkanda unaopitisha vitu, akavichambua vizuri na vibaya. Kando yake alikuwepo mwenza pepe akifanya kazi hiyohiyo. Kwa nusu ya washiriki mwenza alikuwa mwepesi, kwa nusu nyingine mzito. Washiriki waliona hali ile kuwa ya kawaida, na walitambua vizuri kama mwenza wao ni mwepesi au mzito. Lakini kwa jumla kasi ya mwenza haikubadilisha kazi yao. Ni wale wenye hulka ya ushindani tu waliofanya vizuri zaidi kando ya mwenza mwepesi.

Matokeo hayo yasome kwa makini, maana yana mafunzo mawili. Kwanza, athari iliyoonekana kwa kundi moja dogo ndani ya sampuli, wakati sampuli nzima haionyeshi kitu, ni dokezo zuri la kuanzia utafiti mwingine, si msingi wa kujengea nyumba. Pili, mwenza wa Aachen hakuwa akiwatazama washiriki. Wao walimwona, yeye hakuwaona. Unganisha na makeshia. Kama nguvu inayosukuma watu iko katika kuonekana zaidi ya kuona, basi mwenza asiyekutazama ameondolewa silaha yake kubwa kabla vita havijaanza, na kukosa athari ya jumla ndiko tungekutarajia. Huu ni usomaji wangu. Lakini ni usomaji unaoweza kujaribiwa, na hakuna mahali rahisi pa kuujaribu kuliko ndani ya miwani: geuza kiti cha mwenza pepe akuelekee, au akupe mgongo, na kila kitu kingine kibaki vilevile, kuanzia kasi yake na malipo hadi mwanga na sauti ya mkanda. Hakuna duka litakalokuruhusu kugeuza keshia mmojammoja kwa kura.

Hapo pia ndipo jibu la wenzako linapopatikana. Gemu ni pointi. Ukionyesha kwamba pointi zimebaki zilezile na mtu amebadilika kwa sababu tu jirani amemgeuzia uso, utakuwa umepima kitu ambacho pointi haziwezi kukieleza.

Sasa ugumu wenyewe. Je, mtu humwona mwenza pepe kama mtu? Miili yetu inasema ndiyo mapema kuliko akili zetu. Mwaka 2006 Mel Slater na wenzake walirudia lile jaribio la utii la Stanley Milgram, ambamo mshiriki huamriwa ampige mtu mwingine shoti za umeme, safari hii anayepigwa shoti akiwa mwanamke pepe. Washiriki wote walijua kwamba hayupo. Hata hivyo, waliomwona na kumsikia walionyesha wasiwasi mwilini kana kwamba yupo, na baadhi walitaka kuacha. Lakini kuna upande wa pili. Crystal Hoyt, Jim Blascovich na Kimberly Swinth, mwaka 2003, waliwapa watu kazi ngeni mbele ya watazamaji pepe. Walioambiwa kwamba nyuma ya watazamaji wale kuna watu halisi waliharibu zaidi. Walioambiwa ni kompyuta tupu walifanya kama walio peke yao. Ukikiweka kisa hiki kando ya kile cha Slater, unaona kwamba mwili hushtuka bila kuomba ruhusa, lakini aibu ya kutathminiwa inahitaji mtu wa kukutathmini.

Hapo ndipo vijana wengi wanashawishika kudanganya: mwambie mshiriki kwamba yule ni mwanafunzi mwenzake aliye chumba cha pili. Usifanye hivyo. Uchumi wa majaribio umejengwa juu ya ahadi kwamba yaliyosemwa kwa mshiriki ni kweli, na maabara ikishajulikana kuwa inadanganya, washiriki wajao hawatafanya kazi kwa ajili ya malipo uliyowatangazia. Watakaa wakitafuta mtego. Majarida mengi ya fani hii yatakurudishia makala bila kuisoma hadi mwisho.

Iko njia ya ukweli, na naipenda sana. Anza na awamu ya kwanza: watu kadhaa waje, wavae miwani, wafanye kazi yako peke yao, walipwe, na mienendo ya vichwa na mikono yao irekodiwe. Awamu ya pili, rekodi hizo ndizo zinamwendesha mwenza pepe. Mshiriki mpya unamwambia hivi, bila kupinda neno: "Mienendo unayoiona ni ya mtu aliyefanya kazi hii siku zilizopita. Matokeo yako yatalinganishwa na yake, na atakayeshinda atapata zawadi." Kisha timiza. Mtu wa awamu ya kwanza aitwe apokee haki yake akishinda. Umepata ushindani wenye mtu halisi, wenye fedha halisi, na mshindani ambaye tayari amekwisha kufanya alichofanya, hivyo hawezi kusogezwa. Chukua rekodi za watu kadhaa kwa kila kasi. Ukitumia mtu mmoja mwepesi na mmoja mzito, hutajua kama umepima kasi au umepima jinsi mtu yule mmoja alivyokuwa akirusha mkono.

Mtu wa rekodi akigeuzwa akuelekee, je, anakuona? Hapana, na usimwambie mshiriki kwamba anamwona. Utakuwa unapima kama kuelekewa na uso peke yake kunatosha kuamsha ile hisia ya kuonekana. Ukiipata kwa watu wanaojua kuwa ni rekodi, umepata jambo la kusimulia. Ungekuwa na muda zaidi ningekuambia jozi ya pili ya miwani umvalishe mtazamaji halisi, aliyekaa kimya katika chumba kilekile cha pepe bila kufanya kazi yoyote. Kwa tasnifu ya uzamili, hilo litakula saa zako mara mbili.

Tuje kwenye kasi yenyewe, maana hapa naona swali lako limebeba dhana isiyo sahihi. Umeandika kana kwamba kadiri mwenza anavyokuwa mwepesi ndivyo mtu atakavyojikaza. Pale malipo yanapomfuata mshindi, nadharia inasema vingine. Edward Lazear na Sherwin Rosen, walioweka msingi wa nadharia ya mashindano ya kazini mwaka 1981, walionyesha kwamba zawadi ya mshindi humsukuma mtu kwa sababu juhudi zake zinaweza kugeuza matokeo. Mpinzani akiwa mbali mno, mbele au nyuma, juhudi hazigeuzi kitu, na mwenye akili hupunguza. David Gill na Victoria Prowse waliliona hilo maabara mwaka 2012. Washiriki walisogeza vitelezi 48 kwenye skrini ndani ya sekunde 120, wakishindana wawili wawili, mmoja akitangulia. Aliyefuata alipoona mtangulizi amefanya vizuri sana, yeye alilegea. Kwa hiyo mwenza mwepesi anaweza kukuvuta au kukukatisha tamaa, ikitegemea umbali kati yenu. Kugawa wenza katika "mzito" na "mwepesi" kunachanganya mambo haya mawili, na huenda hii ni sababu nyingine ya wastani kulala bapa katika tafiti za aina hii.

Basi kasi ipime kwa kumlinganisha na mshiriki mwenyewe. Mwache kwanza afanye kazi peke yake, ujue kiwango chake, kisha kwa kura apewe rekodi iliyo mbele yake kidogo tu, tuseme asilimia 10, au iliyo mbele mno, tuseme asilimia 50. Kura iamue umbali, na maktaba yako ya rekodi itoe mtu anayefaa. Ndiyo maana awamu ya kwanza isiwe ya watu watatu.

Na kabla ya yote hayo, mazoezi. Robert Zajonc alieleza mwaka 1965 kwamba kuwepo kwa wengine hukuza lile ambalo mtu yuko tayari zaidi kulifanya: kazi uliyoizoea unaifanya vizuri zaidi, kazi ngeni unaiharibu zaidi. Ndani ya miwani kila kazi ni ngeni. Hata kuokota mchemraba kwa kibonyezo cha mkononi kunahitaji kujifunza upya. Ukimweka mshiriki kando ya mwenza mwepesi dakika ya tatu, unampima mgeni anayeona haya, halafu utaandika kwamba ushindani unadhuru kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usipange mazoezi kwa dakika. Panga kwa mstari wa ujuzi. Chora idadi ya vipande kwa kila dakika, na jembe umpe pale mstari unapoacha kupanda. Kuna watakaofika baada ya dakika 5, kuna watakaohitaji 15.

Nikuambie lililonipata mimi. Katika jaribio moja la awali tulirekodi mwenza kwa dakika mbili tu, tukairudia rekodi ile mfululizo kwa nusu saa. Tulidhani hakuna atakayegundua. Mshiriki wa nne alipovua miwani alituambia, "Yule jamaa hujikuna shingo kila baada ya muda uleule." Tukauliza waliomtangulia, nao walikuwa wameona. Kuanzia sekunde waliyogundua, hawakuwa tena na mshindani. Walikuwa na saa ya ukutani. Tulitupa data zote. Slater, katika maandishi yake ya 2009, hutofautisha hisia ya kuwa mahali fulani na hisia kwamba yanayotokea pale yanatokea kweli. Ya kwanza hurudi haraka ikivunjika. Ya pili ikivunjika, hairudi. Rekodi zako ziwe ndefu kuliko kazi yenyewe.

Sasa jambo ambalo watu wa uchumi hulipuuza, na linaweza kukuaibisha mbele ya watahini: macho na tumbo. Tafiti za ushindani mara nyingi huishia kulinganisha wanawake na wanaume. Muriel Niederle na Lise Vesterlund, mwaka 2007, waliwapa watu kazi ya kujumlisha namba tano za tarakimu mbili kwa dakika 5. Uwezo ulilingana, lakini asilimia 73 ya wanaume walichagua kulipwa kwa kushindana, dhidi ya asilimia 35 ya wanawake. Bila shaka nawe utataka kuangalia. Lakini kwa wastani umbali kati ya mboni za macho ya wanawake ni mdogo kuliko wa wanaume, na lenzi za miwani nyingi zimekuwa hazisogeleani vya kutosha kuwafaa baadhi yao. Kay Stanney na wenzake walionyesha mwaka 2020 kwamba sehemu kubwa ya ile tofauti ya kichefuchefu kati ya wanawake na wanaume ndani ya uhalisia pepe inatokana na miwani isiyowakaa sawasawa. Fikiria basi: mshiriki anasikia kizunguzungu, anapunguza mwendo, na wewe unaandika kwamba wanawake hawapendi ushindani. Ni dhuluma kwa washiriki wako na kwa sayansi. Pima umbali wa mboni za kila mmoja kabla ya kuanza, uuandike, urekebishe miwani, na asiyefaa kwa miwani uliyo nayo umlipe na umshukuru. Kazi ifanyike mtu akiwa amekaa au amesimama mahali pamoja, bila kutembezwa na mashine. Mchoro usishuke chini ya picha 90 kwa sekunde. Lile dodoso la dalili 16 la Robert Kennedy na wenzake la mwaka 1993 lijazwe kabla na baada.

Sasa hesabu, maana ndizo zitakazoamua kama unahitimu. Kugundua tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi matokeo ya watu yanavyotawanyika) kati ya makundi mawili, kwa uwezekano wa asilimia 80, unahitaji watu 64 kila kundi, jumla 128. Lakini wewe hutafuti tofauti moja. Unauliza kama athari ya umbali wa kasi inabadilika mwenza anapokuelekea, yaani tofauti ya tofauti mbili. Kwa ukubwa uleule, hilo linadai watu mara nne: 512. Kila mmoja akichukua dakika 45 kwa jozi mbili za miwani, ni saa 192 za maabara, bila kuhesabu kusafisha miwani na wasiofika. Ndiyo sababu ile kazi ya peke yake mwanzoni ina thamani kuliko inavyoonekana. Kiwango cha mtu akiwa peke yake kikiwa na uhusiano wa kitakwimu wa 0.7 na kiwango chake akiwa na mwenza, ukikiingiza katika uchambuzi unaondoa karibu nusu ya mtawanyiko, na 512 inashuka hadi kama 260. Bado ni kazi, lakini ni kazi ya muhula mmoja. Ukishindwa kufikia hata hapo, punguza swali, usipunguze watu: mwenza awe anakuelekea kwa wote, ubaki na umbali wa kasi tu. Vyovyote utakavyoamua, sajili mpango wako wa uchambuzi kabla ya mshiriki wa kwanza. Miwani hutoa data nyingi mno, kichwa na mikono mara makumi kwa kila sekunde, na anayechimba humo bila ramani atapata chochote anachokitaka.

Data hizohizo zina jambo la kimaadili linalonigusa. Mark Roman Miller, Jeremy Bailenson na wenzao walionyesha mwaka 2020 kwamba, kati ya watu 511, programu iliweza kumtambua mtu kwa usahihi wa asilimia 95 kwa kutumia chini ya dakika 5 za mienendo yake tu. Kufuta majina, kwa hiyo, hakumfichi mtu. Mienendo ni kama alama ya kidole. Fomu ya ridhaa iseme hivyo kwa lugha ya kawaida, na wale wa awamu ya kwanza, ambao miili yao itaonekana na wengine, waombwe ridhaa ya pekee kwa jambo hilo. Na ikitokea kampuni ikakuomba data ya wafanyakazi wake walioshiriki, kataa hata kama imekusaidia gharama. Mtu aliyekubali kuchangia elimu hakukubali kupimwa na mwajiri wake.

Mipaka ya matokeo yako ieleze bila kuona haya. Oriana Bandiera, Iwan Barankay na Imran Rasul, katika utafiti wao wa 2005 kwenye shamba la matunda Uingereza, waliona kwamba malipo yalipotegemea kulinganishwa na wenzako, wachumaji walijizuia ili wasiwaumize wengine, na walijizuia zaidi walipokuwa kati ya marafiki. Mwenza pepe wako si rafiki wa mtu. Hakuna atakayekutana naye kesho chakula cha mchana. Utapima ushindani kati ya wageni kwa muda wa nusu saa, na uandike hivyohivyo. Ukitaka hujuma, urafiki au uadui wa miaka, hiyo ni tasnifu nyingine.

Kuhusu kuanzia: wiki hii rekodi mtu mmoja tu kwa dakika 40, umweke kando ya marafiki watano, mmojammoja, bila malipo yoyote. Wakivua miwani usiwaulize kama chumba kilikuwa kizuri. Waulize: yule aliyekuwa kando yako alikuwa akifanya nini, na alikuzidi au ulimzidi? Wakikosa kujibu, bado huna mshindani, na hakuna haja ya kumwita mshiriki wa kulipwa. Wakijibu, niletee mistari yao ya ujuzi ya dakika kwa dakika, tuone pamoja inaacha kupanda wapi.